Bomba Lililopita Chini ya Kitanda Changu

Kama umelala kitandani sasa hivi, homa inakupanda kila alasiri na tumbo limewambwa kama ngoma, nisome taratibu, usijichoshe. Nami nililala hivyo. Nililala mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili watu wa mtaani walikwisha nichagulia mahali pa kaburi. Wengine, nasikia, walikuwa wakibishana nani ataichukua cherahani yangu. Sikufa. Naandika ili ujue kwamba mtu hutoka huko, na ili ujue pia kwamba homa ya matumbo haidondoki mbinguni kama mvua. Mungu ndiye mwenye kuuguza na kuponya, hilo sina ubishi nalo, lakini shimo lililotuuguza sisi lilichimbwa na watu, kwa majembe, mchana kweupe, na mimi niliwaona.

Mimi ni fundi wa nguo, na nimesoma. Nilisoma usiku, baada ya kufunga kazi, miaka mitatu chini ya taa ya karabai iliyovutia wadudu wote wa Pemba na nusu ya wadudu wa Unguja. Nikapata cheti. Cheti hicho kimetundikwa ukutani karibu na cherahani, na mteja akija kupimwa suruali humgeuza kwanza akisome, ndipo nimpime kiuno. Nayasema haya ili usije ukadhani nilikunywa maji machafu kwa ujinga. Niliyanywa nikiwa na cheti.

Mji wetu una juu na una chini. Juu, penye upepo, wanakaa wakubwa wa serikali na makarani wao, katika nyumba za mawe zenye mabati. Chini tunakaa sisi, mtaa wa Bondeni, na katikati ya mtaa kipo kisima chetu. Maji ya kisima hicho yalisifiwa. Tuliyaita matamu. Mtu akirudi safari Unguja, kabla hajamwamkia mkewe, alikuwa akiomba kata moja ya maji ya Bondeni. Nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba maji yetu yakipelekwa Ulaya wazungu wataacha kunywa chai.

Nje ya nyumba yetu, penye kivuli cha upenu, mama yangu Bi Time alikuwa na mtungi wa sabili. Kwa msomaji wa mbali, sabili ni maji ya sadaka: unaweka mtungi njiani, mpita njia anakunywa na kwenda zake, na thawabu zinamfikia maiti wako. Mtungi ule ulikuwa wa marehemu baba. Mama aliujaza kila alfajiri kwa mkono wake, akaufunika kwa kawa, akaweka kata safi juu, na hakumruhusu mke wangu Raya kuugusa. "Huu ni wangu na mume wangu," alikuwa akisema. "Weye una mtungi wako ndani."

Mnywaji mkubwa wa mtungi ule alikuwa Mzee Faki, muuza muhogo kutoka kijiji cha Vitongoji. Alikuja asubuhi na mzega begani, kikapu mbele na kikapu nyuma, akatua mlangoni petu, akanywa kata mbili na kufuta ndevu.

"Bi Time," alikuwa akisema, "marehemu mumeo atafika peponi mabega yamelowa."

"Kunywa uondoke, Mzee Faki. Muhogo wako unanyauka."

"Muhogo wangu haunyauki. Ninayenyauka ni mie, ndiyo maana nikaja."

Basi mwaka kabla sijaugua wakaja watu wa bomba. Walikuwa wakichimba mtaro kutoka kwenye mashine ya maji, kule nje ya mji, kuja kwetu. Tulifurahi kama watoto siku ya Idi. Vijana wa mtaa walitoa majembe yao wakachimba bure. Wanawake walipika ubwabwa kwa mchuzi wa nazi wakawapelekea mafundi. Mtaro ulipofika penye uchochoro wetu ukawa hauna pa kupita, fundi mkuu akaniomba avunje pembe ya chumba changu. Nikamwambia, vunja, bwana, hata chumba kizima ukitaka. Bomba likapita chini ya kitanda changu, wakalifukia, wakanizibia ukuta kwa saruji. Mama aliwapa maji ya mtungi kwa zamu mpaka mtungi ukakauka mara tatu siku ile.

Bomba likatoka upande wa pili wa nyumba yetu. Likapita msikitini bila kusimama. Likapita kisimani. Likapanda mlima likaenda juu kwa wakubwa, na huko ndiko zilikofungwa bilula za kufungulia maji. Bondeni hapakufungwa hata moja.

Haikuishia hapo. Nyumba za juu zilipopata maji, zikapata na vyoo vya kuvuta mnyororo, na vyoo hivyo vikachimbiwa shimo moja kubwa ukingoni mwa mlima, juu ya kisima chetu. Kiangazi shimo lilinyamaza. Masika yalipoanza likajaa, likatema, na mfereji mdogo ukateremka kwenye majani kuja kwetu. Maji yalipanda kwao yakipita chini ya kitanda changu, safi, ndani ya chuma. Yakarudi kwetu wazi, yakiwa yamemaliza kazi yake.

Nilianza kuugua mvua kubwa zilipokolea. Mwanzo kilikuwa kichwa, na fundi wa nguo huumwa kichwa kila siku kwa kuinamia sindano, sikujali. Kisha homa, leo kidogo, kesho zaidi, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Chakula kikaninukia vibaya. Nikawa natetemeka juani, na Raya akinifunika kanga zote za nyumba mpaka nikafanana na duka la Mhindi. Mama alinipa mwarobaini, akanipaka mafuta ya mkaratusi, akamwita mwalimu wa Kurani akanisomea. Na kila nilipomeza dawa chungu, mama aliinua kichwa changu akanipa maji ya kusuuzia kinywa. Maji matamu ya Bondeni.

Siku niliyoshindwa kujua kama Raya ni Raya au ni dada yangu aliyekufa, wakanipeleka hospitali kwa gari ya ng'ombe.

Benchi la kungojea hospitalini sitalisahau mpaka nazikwa. Lilikuwa refu kama gati ya Wesha, na watu wamekaa wamebanana, kila mmoja na chupa yake ya dawa tupu mkononi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa na mwanawe mapajani, ana homa ileile. Nyuma yangu mzee wa msikitini kwetu. Nikatazama upande huu, nikatazama upande ule. Nusu ya benchi ilikuwa Bondeni. Tulikuwa tukiamkiana kama tuko harusini.

"Na weye umo?"

"Nimo. Na Bi Kombo yumo, yuko kule mlangoni analala."

Nikamuuliza yule mzee wa msikitini, "Na wa juu wako wapi, hawaugui?" Akanitazama kwa macho mekundu, akageukia mlango wa daktari. Mara ya kwanza hasira yangu ilianza hapo, kwenye benchi, kabla hata sijaonwa na daktari.

Wakanilaza wodi ya pembeni, wanapotengwa wenye maradhi ya kuambukiza. Nesi wetu alikuwa Bi Salma, mwanamke mfupi mwenye sauti ya muadhini. Kwako wewe unayelala sasa, yasikilize haya, maana mimi niliyapinga yote nikajuta. Utapewa vidonge vyenye ganda, vichungu ukivitafuna, kwa hiyo usivitafune. Utanyimwa chakula kigumu. Utalia njaa homa ikianza kushuka, utaota biriani, utamchukia mtu anayekupa uji mwepesi. Unywe uji. Ndani ya tumbo una vidonda, na kipande cha muhogo kinaweza kukumaliza. Jirani yangu wa kitanda cha dirishani aliletewa ndizi kwa siri na mjomba wake; sina haja ya kukueleza alitokaje wodini.

Nilikonda. Ninaposema nilikonda sina maana ya kupungua. Msuli niliokuja nao kiunoni nilikuwa naukunja mara nne. Pete ilitoka kidoleni yenyewe, Raya akaifunga kwenye ncha ya kanga. Nilijipima kwa macho ya kazi yangu nikaona kwamba kitambaa cha kushona kanzu yangu ya zamani sasa kingetosha kanzu mbili na kofia.

Mama alikuja kila siku baada ya adhuhuri, na kila siku alileta chupa ya maji iliyofungwa kwa kitambaa. Maji ya hospitali yalinuka dawa, nami sikuyapenda. Alipofungua ile chupa nilikuwa nainuka kitandani kama mtu asiyeumwa. Siku moja Bi Salma akamkuta.

"Bi Time, hayo yamechemshwa?"

"Yachemshwe kwa nini? Ni ya kisimani kwetu."

"Maji ya kisima chenu yana maradhi. Usimpe mgonjwa. Na nyumbani mchemshe, nyote, hasa huyu," akamwonyesha Raya, ambaye alikuwa na mimba ya miezi mitatu, tumbo ndiyo kwanza linaanza kujitokeza chini ya buibui.

Mama alifunga chupa, akakaa kitako pembeni ya kitanda, akangoja mpaka nesi alipokwenda kitanda cha mbali. Kisha akafungua, akanipa. Nikanywa. Ningefanyaje, yule ni mama yangu, na kiu niliyokuwa nayo ingekausha bahari ya Wesha.

Raya aliyaona yote. Nyumbani akaanza kuchemsha maji yake mwenyewe katika sufuria ndogo. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Kwetu maji ya moto ni ya watu wawili: mzazi aliyetoka kujifungua na maiti. Mama alipoliona lile sufuria jikoni akasema, "Unanikoshea nani, Raya? Mume wako hajafa bado." Raya akasema anachemsha kwa ajili ya mtoto. Mama akasema yeye kazaa sita kwa maji ya kisima kile. Raya, ambaye huwa hana maneno, akasema, "Na umezika watatu, mama." Kwa muda mrefu hawakusemezana. Mmoja akija kunitazama, mwingine hutoka. Mimi nililala katikati yao na homa yangu, nikiwapokea kwa zamu kama hakimu.

Niliruhusiwa kutoka mvua zikiwa zinakatika. Nilitembea kwa kushika kuta. Baada ya muda nywele zikaanza kutoka, mashada mashada, zikibaki kwenye mto asubuhi. Usitishike zikikutoka, zitarudi, zangu zimerudi na sasa ni nyingi kuliko za simba. Lakini wakati ule nilikuwa na kichwa kama yai, shingo kama ya kuku, na wateja walipokuja walisoma cheti wakaniuliza mwenyewe yuko wapi.

Siku hizohizo bwana afya wa mji alikuja kisimani. Alikuja na wasaidizi wawili, ngazi na kopo la rangi. Wakasimamisha ubao mwekundu: MAJI HAYA YASINYWEWE. Mimi ndiye niliyewasomea watu, maana nilikuwa karibu.

"Sasa tunywe yapi?" nikamuuliza.

"Mchemshe."

"Kuni je?"

"Hiyo si kazi ya idara yangu."

"Na lile shimo la juu?"

"Nalo si la idara yangu."

Nikamwuliza idara yake ni ipi basi. Akasema ni ya ubao. Wallahi hivyo ndivyo alivyonijibu, au karibu na hivyo. Akabeba ngazi yake akaenda. Kufika Alhamisi kuku walikuwa wamelala juu ya ubao, na wanawake wanateka maji chini yake kama kawaida, kwa sababu mtu mwenye watoto wanaolia kiu hanywi rangi nyekundu.

Mimi nikasema hapana. Nikavaa kanzu iliyonining'inia kama tanga bila upepo, nikachukua chupa ya mama, nikaijaza kisimani, nikapanda mlima. Njia ile mtu mzima huipanda kwa pumzi chache. Mimi niliipanda kama naenda kuhiji kwa miguu, nikikaa juu ya kila jiwe. Ofisini kwa bwana mkubwa nako kulikuwa na benchi. Nikakaa. Karani mlangoni alikuwa Nassor, mtoto wa Bondeni kama mimi, tuliyesoma naye darasa moja la usiku. Alipopata kazi alihamia juu.

"Hamadi, una miadi?" akaniuliza.

"Nina maji."

Akadhani homa imenirudia kichwani. Lakini nilikaa pale mpaka wakaona haya kunipita, wakaniingiza. Bwana mkubwa wa mji alikuwa Mzungu mwenye adabu, Kiswahili chake kikavu na kimenyooka kama mgongo wa kiti. Nikamwamkia, nikaiweka chupa mezani, nikaomba gilasi. Nassor akaileta huku akinikonyeza niache. Nikamimina.

"Nimekuletea maji ya kunywa, bwana. Ya kisima cha Bondeni."

Akaiinua gilasi akaitazama dirishani. "Yanaonekana safi," akasema.

"Basi karibu."

"Ahsante. Nimekwisha kunywa chai."

"Kwetu mgeni hakatai maji, bwana. Hata kama hana kiu hutia mdomo."

Akairudisha gilasi mezani, mbali kidogo, akajifuta vidole kwa leso. Akasema anasikitika sana. Akasema mpango wa bilula za Bondeni upo, utafika kwa wakati wake. Akasema kwa sasa wananchi wachemshe maji. Nikamwambia kwamba bomba lake liko chini ya kitanda changu, na ninapolala nasikia maji yake yakipita kwenda kwake, na kwamba nilipokuwa na homa, midomo imepasuka, niliyasikia usiku kucha. Nassor akaanza kuyafasiri maneno yangu kwa Kiingereza, wakati mimi nilikwisha yasema kwa Kiswahili na Mzungu alikwisha yaelewa. Kilichokuwa kimebaki kufasiriwa ni uso wangu tu.

Nje Nassor akanishika mkono. "Umeniaibisha, yakhe."

"Weye kwako unakunywa maji gani?"

"Ya bilula."

"Na choo chako kinakwenda wapi?"

Akaniachia mkono.

Vuli ilipoanza homa ikanirudia. Na kwa nini isirudi? Nyumbani mama aliendelea kunipa maji ya mtungi wake, nami niliendelea kuyanywa mbele yake na ya Raya nikiwa kwa Raya, ili nisimuudhi mtu. Nilirudishwa wodi ileile, na Bi Salma aliponiona alisema maneno ambayo nesi hatakiwi kuyasema.

Mara hii sikuwa nahesabu siku, nilikuwa sijui kama ni siku. Raya alikuwa mwezi wa nane. Hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya kufa kwangu, nilikuwa nimezoea. Nilihofu kwamba Raya ataugua na mimba ile, kwa sababu kuni zilikuwa zimelowa, sufuria lake dogo halikuwa likichemka kila siku, na siku lisipochemka alikuwa anakunywa nini? Alikunywa mtungi wa ndani. Kila alipokuja nilimshika mkono kwanza, nipime joto, ndipo niitikie salamu.

Homa ilipoanza kuniachia nikagundua kitanda cha pembeni kina mtu mpya, mzee, mfupa mtupu, ndevu nyeupe zimeshikana. Sikumtambua. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Mwana wa Bi Time," akasema. "Ndio weye?"

Alikuwa Mzee Faki. Vitongoji kwao kuna visima vyao, wala hakukuwa na mgonjwa mwingine wa homa ile katika nyumba yake. Mwanawe aliyemleta ndiye aliyetuambia. Mzee wa watu alikuwa akila chake, akilala kwake, na mjini alikuwa haingii nyumba ya mtu. Alikuwa anauza muhogo, anakunywa kata mbili mlangoni petu, anarudi.

Mchana ule mama akaja. Aliweka chupa yake juu ya kijimeza, akanipangusa uso, akageuka, akamwona. Mzee Faki akatabasamu. Meno yake yalionekana makubwa kuliko uso.

"Bi Time. Mungu kakuleta. Hapa wananipa maji yananuka dawa, siyawezi. Nilikuwa naota maji yako. Wallahi nayaota. Nipe kata moja, niyapate kabla sijaenda."

Mama alikuwa amekwisha ishika chupa. Niliona mkono wake ukifungua kitambaa, kwa mazoea tu, kama unavyofungua mlango wa nyumba yako. Kisha ukasimama. Akamtazama Mzee Faki, akanitazama mimi, akaitazama chupa. Bi Salma alikuwa mwisho wa wodi, akitutazama.

"Nipe, bibi," akasema Mzee Faki. "Ni sadaka."

"Haya si ya kwako, Mzee Faki," mama akasema, na sauti yake sijawahi kuisikia vile. "Nitakuletea mengine."

Akatoka nje na chupa. Nilimwona dirishani akiimimina kwenye mchanga, polepole, mpaka tone la mwisho, kisha akabaki amesimama pale na chupa tupu, mgongo ametupa sisi.

Raya ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Mama alifika nyumbani, hakuvua buibui. Akaumwaga mtungi wa sabili njiani, akaulaza kifudifudi juu ya baraza. Mpita njia mmoja akauliza, "Bi Time, leo hakuna maji?" Akasema, "Hakuna." Akaingia jikoni, akamwambia Raya, maneno ya kwanza baada ya muda mrefu, "Nioneshe unavyofanya."

Raya akamwonesha: maji yachemke mpaka yaruke, yaachwe yapoe yamefunikwa, kata isitiwe mkono. Mama akasema yakipoa ni mafu, hayana ladha. Kwa hiyo akafanya alivyokuwa akifanya siku za harusi. Akatia kaa la moto chetezoni, akatia ubani, akaugeuza mtungi mtupu juu yake mpaka moshi ukaushika udongo, ndipo akatia maji yaliyopoa. Kesho yake akamletea Mzee Faki chupa. Mzee alikunywa mafunda mawili.

"Siyo yale," akasema. Kisha akasema, "Haya yana harufu ya peponi."

Alikufa baada ya siku chache. Mama alikwenda Vitongoji mazikoni kwa miguu, akakaa matanga yote, na huko, kwa ninavyomjua, aliosha vyombo bila kuombwa. Hakuna mtu aliyemlaumu. Na mimi nakuambia, msomaji, usimlaumu. Mwanamke aliyeamka alfajiri miaka yote kumnywesha mpita njia hakumuua Mzee Faki. Waliomuua walikuwa wamekaa juu wakivuta mnyororo.

Nilitoka hospitali mara ya pili nikakuta nyumba inanuka ubani na moshi wa vifuu. Mama alikuwa amekusanya vifuu na makumbi ya mtaa mzima, mimi nikapewa kazi ya kukaa mekoni na kuangalia sufuria, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kukanyaga cherahani. Mtungi wa sabili ulirudi nje. Mama alisema sasa ni wa watu wawili, baba na Mzee Faki. Wa kwanza kunywa walikunja nyuso. "Bi Time anatunywesha maji ya maiti," mmoja akasema, na watoto wakalifanya wimbo. Mama akawaambia, "Ya maiti ni yale mliyokuwa mkinywa. Haya ni ya wazazi." Baada ya muda wimbo ukaisha, na baadhi ya wanawake wakaja kuuliza ubani gani.

Raya alijifungua kaskazi ilipoingia, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kumpita Bi Salma. Nilimshika mkono Raya kwanza. Ulikuwa wa baridi, mzuri. Mama alimwogesha mtoto kwa maji ya moto, na tone lake la kwanza la maji mjukuu yule alilipata kwa kidole cha bibi yake, likinukia ubani.

Bilula ya Bondeni? Mpango upo. Nikiandika haya shimo bado liko ukingoni, ubao bado uko kisimani na rangi imepauka kiasi kwamba hata mwenye cheti hausomi, na benchi la hospitali bado lina watu wetu masika yakija. Nami nawaambia hao wa kwenye benchi: meza vidonge, kunywa uji, usione haya kumwuliza hata mama yako maji yametoka wapi. Na ukipona, panda mlima na chupa yako. Tukienda wengi mezani hapatatosha gilasi.

Ila siku moja kiangazi hiki mashine ya maji iliharibika. Niliamka nikasikia kitu cha ajabu, nikakaa kitandani kusikiliza, kumbe ni kimya. Bomba lilikuwa halipitishi kitu. Kufika saa nne wa juu walikuwa wanashuka na ndoo, na katikati yao nikamwona Nassor, shati limemlowa jasho, akasimama mbele ya mtungi wetu. Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, baba. Karibu maji."

Nassor akafunua kawa, akateka, akaipeleka kata mdomoni, ikasimama hapo. Akamtazama mama juu ya ukingo wa kata.

"Samahani, bibi. Haya yamechemshwa?"

Mama hakuinua macho kwenye ungo.

"Kunywa, mwanangu, ndipo uulize," akasema. "Sisi yenu tuliyanywa wala hatukuuliza."

Jasho likamtiririka. Kiu nayo ilikuwa ya kweli. Akanywa, akamaliza kata nzima, akasimama pale na harufu ya ubani puani, hajui atazame wapi. Mama akaipokea kata, akaisuuza kwa maji ya moto, akairudisha juu ya kawa kwa ajili ya anayefuata.